Shangazi, baba ananiomba nimsaidie kufa

Salaam Shangazi,

Naandika kutoka Walukuba, hapa Jinja. Baba yangu ana miaka 74. Alikuwa fundi wa injini za treni. Aliajiriwa akiwa kijana enzi za Reli ya Afrika Mashariki, akahamishwa Nairobi, Tororo, mwisho Jinja, ndiyo maana nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili hadi leo ingawa majirani wengi ni Wasoga. Mama alishafariki. Tuko watoto wanne, lakini aliyebaki na mzee ni mimi. Asubuhi nauza mukene (dagaa) pale Masese, mchana narudi kumtazama.

Mwaka juzi alipatikana na kansa ya tezi dume, na ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya kiuno na mgongo. Tulimpeleka Kampala, tukauza kiwanja, akatibiwa, akapata nafuu, kisha ikarudi. Safari ya mwisho daktari alisema ziko dawa nyingine za dripu wanazoweza kujaribu, ila hakuahidi kitu. Mzee akamwambia, "Asante daktari, mimi nimemaliza. Nirudisheni nyumbani." Tukarudi. Tangu hapo hataki kusikia habari ya hospitali.

Maumivu yake, Shangazi, siwezi kuyaeleza. Tukimgeuza kitandani anauma taulo ili watoto wa jirani wasimsikie. Anameza vidonge vya dukani na vingine alivyoandikiwa na kliniki ya hapa mtaani. Vinamshika kama saa mbili hivi, kisha anabaki kutazama saa ya ukutani akingoja dozi nyingine. Namwogesha mwenyewe na kumbadilisha nguo, yeye hujifunika uso. Usiku ndio mbaya zaidi.

Sasa jambo lenyewe. Kaka yangu mkubwa anaishi Uholanzi. Siku moja wakiongea kwa simu alimwambia mzee kwamba kule mgonjwa wa namna hii anaweza kumwomba daktari amsaidie kufa, daktari akamsaidia, na sheria inakubali. Tangu siku hiyo baba hana wimbo mwingine. Daktari wa kliniki alipokuja kumwona, mzee alimwambia waziwazi, "Wewe unajua dawa. Nisaidie nilale nisiamke." Yule kijana aliangalia chini, akafunga mkoba wake, akasema tumwombe Mungu. Hajarudi tena, na simu hapokei.

Baba mdogo amekasirika na sisi sote. Anasema kumwacha ndugu yake asirudi kutibiwa ni sawa na kumuua, na kwamba sisi watoto tumechoka, tunataka nyumba. Anasema pia kwamba Mwislamu hawezi kusema maneno anayosema baba. (Baba ni Mwislamu, marehemu mama alikuwa Mkatoliki, sisi watoto tuko huku na huku.) Kaka naye anasema huko Uganda tunawaacha watu wateseke kama wanyama, na kwamba baba ana haki ya kuchagua. Kila mmoja ananipigia simu mimi.

Juzi usiku mzee alinishika mkono akasema, "Hata wewe unaweza. Si wewe ndiye unayenipa dawa?" Sikumjibu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi hadi adhana ya alfajiri.

Nakuuliza mambo matatu. Je, nikimsaidia nitakuwa nimemhurumia au nimemuua? Je, kumwacha akatae dawa za hospitali ni kosa? Na kaka anasema kweli kuhusu Ulaya, tena inawezekana mzee apelekwe? Na nikuambie ukweli wote: kuna usiku nilimwomba Mungu amchukue. Hilo sijamwambia mtu.

Binti wa Fundi, Walukuba

*

Binti yangu,

Pole sana, tena sana. Nitakujibu yote uliyouliza, lakini katika barua yako kuna sentensi moja uliyoipita haraka kama mtu aliyekanyaga maji barabarani, nami nitairudia baadaye, kwa sababu nadhani ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Kwanza sheria, maana hapo sitaki kukuzungusha. Uganda hairuhusu. Kanuni ya Adhabu inasema anayemsaidia mtu kujiua, au anayemshawishi, ametenda kosa kubwa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Na kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: mtu akiharakisha kifo cha mgonjwa, hata kama ugonjwa ule ule ungemuua, sheria inamhesabu yeye kuwa ndiye aliyesababisha kifo. Haiulizi kama ulimpenda. Haiulizi kama aliomba mwenyewe, usiku, akiwa amekushika mkono. Kwa hiyo yule daktari kijana aliyefunga mkoba hakuwa na namna ya kumpa mzee alichoomba. Ninachomlaumu ni kukimbia. Alikuwa na mengine mengi ya kumpa, na nitayataja.

Usifanye, mwanangu. Kama kuna dawa nyingi zimebaki ndani, zitunze wewe mahali zinapofungwa, umpe dozi ya wakati ule tu. Fanya hivyo hata kama unamwamini. Maumivu ya saa tisa za usiku hayana subira.

Kuhusu kaka yako: kweli anasema kweli, ila amesema nusu. Uholanzi ina sheria hiyo tangu Aprili 2002, Ubelgiji nayo ikafuata mwaka huo huo. Daktari lazima aridhike kwamba ombi ni la mgonjwa mwenyewe na amelifikiri sawasawa, kwamba mateso hayavumiliki na hayana matumaini ya kupungua, kwamba hakuna njia nyingine ya maana iliyobaki, kisha daktari wa pili asiyehusika amwone mgonjwa na kuandika maoni yake. Baada ya kifo kesi inapelekwa kwenye kamati ya ukaguzi. Mwaka 2023 walihesabu vifo 9,068 vya namna hiyo. Kanada iliruhusu mwaka 2016, Hispania mwaka 2021. Uswisi ni njia nyingine kabisa: huko sheria ya jinai, tangu 1942, inamwadhibu anayemsaidia mtu kujiua ikiwa tu ana tamaa yake binafsi, na ndiyo maana huko yako mashirika yanayopokea hata wageni. Lakini mgonjwa lazima ajipe dawa kwa mkono wake mwenyewe, na gharama ni maelfu ya faranga kabla ya kuhesabu ndege na viza. Mzee asiyeweza kugeuzwa kitandani bila kuuma taulo, utampandishaje ndege Entebbe? Hata Uholanzi daktari anatakiwa awe anamfahamu mgonjwa wake na historia yake. Baba hapelekwi popote. Hilo liondoeni mezani.

Nusu ambayo kaka yako hakuisema ni hii: katika orodha ya masharti ya Waholanzi, lile la "hakuna njia nyingine iliyobaki" limebeba kila kitu. Kule, kabla mtu hajafika kwenye ombi la mwisho, ameshapewa dawa zote za maumivu, kitanda kinachopanda na kushuka, muuguzi wa nyumbani, na bima ya afya inalipa sehemu kubwa. Baba yako yuko kwenye vidonge vya dukani. Kwa masharti ya Uholanzi wenyewe, daktari mwaminifu angemwambia: mzee, hatujafika hapo, hatujaanza hata kukutibu maumivu.

Kwa hiyo anza hapo. Uganda ina umaskini mwingi, lakini katika jambo hili hasa tuna kitu ambacho nchi nyingi hazina. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman na wenzake walianzisha Hospice Africa Uganda kwa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu: ni unga unaochanganywa na maji na kutiwa rangi ili watu wasichanganye nguvu zake: ya kijani ndiyo nyepesi, ya waridi ni nzito kuliko hiyo. Ni dawa rahisi kutengeneza, mgonjwa hainunui, na anainywa nyumbani kwake bila sindano. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa ili hata wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza mateso, waruhusiwe kuiandika. Nchi nyingine zilikuja kujifunza kwetu. Na wewe huko Jinja una bahati zaidi: kuna Rays of Hope Hospice, kazi yao ni kuwafuata wagonjwa wa namna hii majumbani. Nenda uwaone wiki hii, beba karatasi zote za Kampala. Ukikwama, uliza hospitali ya rufaa ya Jinja nani anashughulikia tiba shufaa.

Mofini ya maji inanywewa kila baada ya saa nne, mzee aone maumivu au asione, na ya usiku kwa kawaida huongezwa ili alale. Wataanza na kidogo na kupandisha kulingana na maumivu. Siku mbili tatu za kwanza anaweza kulala sana. Hapo ndipo ndugu hupiga kelele kwamba mmemlevya, mmemwua. Mara nyingi ni mtu ambaye hajalala miezi na sasa analala. Kichefuchefu huja na kupita. Kinachobaki ni choo kigumu, na wakikuandikia dawa ya kulainisha usiiache, kwa sababu wagonjwa wengi hutupa mofini kwa ajili ya choo tu. Atakayekwambia atakuwa mraibu, muulize mraibu wa nini, na lini. Dawa ikibaki mwishoni inarudishwa kwa walioitoa. Haigawiwi kwa jirani mwenye mgongo.

Waulize pia kuhusu mionzi. Kansa ikishika mfupa, dozi moja tu ya mionzi mahali panapouma inaweza kutuliza kwa wiki nyingi. Si ya kumponya, na si ile dripu aliyoikataa, kwa hiyo mweleze tofauti kabla hajasema hapana. Na kama siku moja miguu ikaishiwa nguvu ghafla au mkojo ukakatika, usingoje kesho. Uti wa mgongo unabanwa, na saa zina maana.

Sasa baba mdogo. Mwambie kwa heshima zote kwamba amechanganya mambo mawili. Kukataa dawa ni haki ya baba yako. Mkataba wa Wagonjwa wa Wizara yetu ya Afya, wa mwaka 2009, unatamka kwamba mgonjwa anaelezwa ugonjwa wake na tiba zake, kisha anakubali au anakataa. Chama cha Madaktari Duniani, ambacho mwaka 2019 kilisema tena kwamba kinapinga daktari kumuua mgonjwa au kumsaidia kujiua, katika tamko hilo hilo kilisema daktari anayeheshimu mgonjwa aliyekataa tiba hajakosea, hata kama mgonjwa atakufa kwa hilo. Mzee alimsikiliza daktari, akaelewa, akashukuru, akasema nimemaliza. Ni kauli ya mtu mwenye akili zake timamu aliyekaa na mashine maisha yake yote na anajua injini iliyofika mwisho. Mkimburuta kurudi Kampala kwa sababu ninyi mnaona aibu mbele ya ukoo, mtakuwa mmemnyang'anya kitu cha mwisho ambacho bado ni chake.

Na dini? Baba mdogo anajua aya ya 29 ya Suratun Nisaa, "wala msijiue", na sitabishana naye. Lakini kuacha tiba isiyo na tumaini hakumo humo, na masheikh waliosoma wanajua dharura hufungua kilichofungwa, ndiyo maana mofini kwa mgonjwa si ulevi. Mtafuteni imamu mwenye busara aje akae na mzee kama mgeni, asije kama hakimu. Upande wa mama yenu nako ni hivyo hivyo: Papa Pius wa XII aliwaambia madaktari mwaka 1957 kwamba kumpunguzia mgonjwa maumivu kwa dawa kunaruhusiwa hata kama dawa hiyo itafupisha maisha, mradi lengo liwe kutuliza. Katika hili dini zenu mbili hazigombani, kwa hiyo na ninyi msigombane kwa niaba ya dini hizo.

Hata kula. Siku inakuja atakapokataa uji. Msimkabe. Mwili unaofunga safari hautaki chakula, na kijiko cha kulazimisha huingia mapafuni. Mloweshe midomo tu.

Nirudi kwenye ile sentensi. Uliandika, "Namwogesha mwenyewe na kumbadilisha nguo, yeye hujifunika uso." Kisha ukaendelea na usiku.

Mwanangu, baba wa mila zetu, tena Mwislamu, mfanyakazi wa reli aliyeamrisha vijana karakana nzima, anavuliwa nguo na binti yake kila siku. Anajifunika uso. Wewe unaona ni maumivu, na bila shaka maumivu yapo. Lakini mimi ningependa kujua ni kiasi gani cha lile ombi lake kinatoka kwenye mfupa na kiasi gani kinatoka kwenye beseni. Jimbo la Oregon huko Marekani lina sheria ya kusaidia kufa tangu 1997, na kila mwaka serikali yao huchapisha sababu ambazo wagonjwa waliwaambia madaktari. Ungedhani maumivu yako juu. Hayako juu. Juu kabisa, mwaka baada ya mwaka, ni kutoweza tena kujiamulia mambo, kushindwa kufanya yale yaliyofanya maisha yawe matamu, na kupoteza heshima. Tena karibu theluthi moja ya wanaopewa ile dawa hawainywi. Wanaiweka kabatini, wanajua iko, wanakufa kwa ugonjwa wao. Walichohitaji ni kujua kwamba bado neno lao linasikilizwa.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, sambamba na kwenda hospisi, ni kutafuta mwanamume wa kumwogesha. Mjukuu mkubwa, mpwa, mzee mwenzake wa reli aliyebaki Walukuba, kijana wa msikitini. Mlipeni kama ni lazima, na hapo ndipo kaka wa Uholanzi anapoingia: haki ya kuchagua anayoizungumzia ina bei, na sehemu yake ni mshahara wa kijana wa kumwogesha baba asubuhi na jioni. Atume pesa hizo kila mwezi kwa simu, na akimaliza kutuma ampigie mzee waongee habari za injini.

Kazi ya pili ni swali. Akisema tena "nisaidie", usitoke kwenda kukaa kwenye ngazi. Nakuelewa kwa nini ulitoka, ila safari hii kaa. Muulize, "Baba, katika haya yote, ni kipi kinachokuchosha zaidi?" Kisha nyamaza kweli kweli, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Usimkatize na "usiseme hivyo, Mungu yupo." Akitaja maumivu, unajua pa kwenda. Akitaja aibu, umeshaanza kuitafutia dawa. Lakini anaweza akataja kiwanja mlichouza, au karo ya wajukuu, au wewe, kwamba anakuona unakonda na biashara inakufa. Hilo la mwisho ndilo ninaloliogopa kuliko yote, nami nitakueleza kwa nini.

Ukiniuliza mimi binafsi kama Uganda ingefaa kuwa na sheria kama ya Uholanzi, nasema hapana, si leo. Siwezi kumtukana kaka yako kwa hoja yake: mwili ni wa mgonjwa, na asiyelala kwenye kitanda kile hana haki ya kumpangia kiasi cha kuvumilia. Ni hoja ya kweli. Najua pia kwamba wapo wagonjwa wachache ambao hata mofini haiwafikishi, na anayesema dawa inamaliza kila teso hajauguza vya kutosha. Lakini kuchagua kunahitaji vitu viwili vya kuchagua. Mwaka 2016 mashine ya mionzi pale hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika, na ilikuwa ndiyo moja tu nchi nzima. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Fikiria mgonjwa wa mwaka 2017 akiambiwa ana uhuru wa kuchagua kifo, huku tiba ya kumtuliza haipo mpaka avuke mpaka na pesa zake. Na mgonjwa wetu hulala akipiga hesabu. Kila bodaboda inayomleta muuguzi anaijua bei yake. Katika nyumba ambayo mgonjwa ndiye mzigo wa fedha wa familia, "nataka kufa" na "sitaki kuwamaliza" hutoka kwa sauti moja, na sioni daktari gani wa kwetu, mwenye foleni ya watu mia nje, atakayekaa kuzitenganisha. Baba mdogo alipowatukana kwamba mnataka nyumba alikosea kwenu, lakini ziko nyumba ambako angekuwa sahihi.

Afrika Kusini walijaribu njia ya mahakama. Robin Stransham-Ford, wakili, alikuwa na kansa ile ile ya baba yako. Mwaka 2015 aliomba mahakama ya Pretoria imruhusu daktari amsaidie, na jaji akakubali. Alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa wake saa chache kabla ya hukumu kutolewa, siku hiyo hiyo, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaifuta. Watu hubishana juu ya kesi ile hadi leo, lakini mimi nakumbuka tu kwamba mtu anayekufa hana muda wa kungoja mawakili. Baba yako hana muda wa kungoja wewe na kaka yako mmalize mjadala wenu.

Ile dua yako ya usiku. Wanaouguza kwa muda mrefu huiomba karibu wote, na wanaokataa huwa wameisahau. Uliomba mateso yaishe. Hukumtendea kosa lolote, na huna haja ya kumwambia mtu kama hutaki. Lakini unahitaji kulala. Chagua usiku miwili katika wiki ambapo mtu mwingine analala chumbani kwa mzee, na baba mdogo, mwenye uchungu wote huo, awe wa kwanza kuandikwa. Mpe zamu ya Ijumaa. Akimsikia ndugu yake saa tisa za usiku, lugha yake itabadilika yenyewe.

Mkishapata mofini, mkapata wa kumwogesha, mzee akalala usiku mzima, halafu bado akakuambia kwa utulivu kwamba anataka kwenda, niandikie tena. Hapo litakuwa swali jingine, na ni gumu kuliko hili. Jibu la sheria litabaki lile lile, na sitajifanya kwamba hilo linatosha kumwambia mtu kama yeye. Ila wauguzi wa hospisi wamekaa na watu wa namna hiyo, na wanajua yanayoweza kufanyika kihalali siku za mwisho, ikiwa ni pamoja na dawa za kumtuliza mgonjwa ambaye mateso yake yameshindikana kabisa. Waulize hilo mapema, mzee akisikia, ili asidhani kwamba njia yake pekee ni kukubembeleza wewe.

Kesho ukitoka Masese, pitia hospisi kwanza. Mukene iliyobaki mwachie jirani akuuzie.

Shangazi